Ujumbe Uliolala Kitanda cha Jirani

Dhoruba iliyoangusha mnara wa simu ndiyo iliyochafua visima, na visima ndivyo vilivyotuletea homa. Kwa hiyo wagonjwa walipoanza kulazwa katika wodi ya kutengwa, hapakuwa na namna ya kuwapigia. Wodi ilikuwa jengo refu la mawe nyuma kabisa ya hospitali, limezungushiwa ua wa waya. Sisi jamaa tulisimama upande huu wa waya tukiyakodolea macho madirisha, kila mtu akikisia kivuli kipi ni cha wake.

Baba alikuwa ndani, kitanda cha pili kutoka dirishani.

Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na programu ambayo darasa letu liliitengeneza kama kazi ya muhula. Programu hiyo haihitaji mnara wala bando. Simu moja ikikaribia nyingine yenye programu ileile, huikabidhi jumbe ilizobeba. Ile ya pili huzibeba mpaka ikutane na ya tatu, na mwendo huwa ni huo huo hadi ujumbe umfikie mwenyewe. Anayebeba hawezi kuusikiliza, kwa sababu ufunguo wake uko katika simu ya mpokeaji peke yake. Ukishafika, taarifa hurudi kwa njia ileile, na mtumaji huona neno moja kwenye kioo: Umefika. Niliipenda programu ile kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuifanya. Niliamini kwamba watu wakikubali kubebeana maneno, hakuna mgonjwa atakayekufa akidhani amesahauliwa.

Muuguzi wa zamu alikubali kuiingiza wodini. Nilimrushia yeye, naye akawarushia wagonjwa wenye simu. Njia ikawa hivi: kutoka kwetu hadi simu ya mlinzi, aliyeruhusiwa kutembea ndani ya ua, kutoka kwa mlinzi hadi simu ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani, dereva wa malori ambaye watu wote walimwita Dereva, kutoka kwa Dereva hadi kwa Baba. Kuta za mawe zilikuwa nene mno kwa simu ya mlinzi kumfikia Baba moja kwa moja, na vitanda vilivyofuata vilikuwa vya watoto wasio na simu.

Mlinzi tulimwita Waziri wa Mawasiliano, na cheo kilimkaa vizuri.

“Posta imefunguliwa!” alikuwa akipaza sauti kila asubuhi, simu ameichomeka mfuko wa shati. “Stempu ni tabasamu. Asiyetabasamu, mzigo wake haupandi.”

“Mheshimiwa, jana umenikalia na ujumbe wangu mpaka jioni!” alilalamika mke wa Dereva, mshonaji mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi jikoni mwa hospitali.

“Mama, usinisingizie. Mumeo kaupokea mapema, anaringa tu kujibu.”

“Huyo? Hata akiwa mzima hajibu. Mwambie ainuke, uvivu wa kulala mchana kautoa wapi?”

Tulicheka. Katika siku zile za mwanzo tulikuwa na cha kuchekea, kwa sababu sauti zilikuwa zinakuja. Baba alikuwa seremala, na ujumbe wake wa kwanza ulihusu mbao: tuzilaze, tusiziegemeze ukutani, zitapinda. Mama aliusikiliza mara kadhaa, simu ameibana sikioni kama mtu anayesikiliza mlangoni.

“Hata salamu hana,” alisema, akifuta macho kwa upindo wa khanga. “Kweli ni yeye.”

Kisha tukaambiwa kwamba mafuta ya jenereta yamepungua na umeme wa wodini utatolewa kwa kubana. Baada ya hapo ujumbe wa Baba haukuja tena. Muuguzi alikuja hadi kwenye waya, macho tu ndiyo yaliyoonekana katika lile vazi lake, akatuambia mzee anaendelea, anakunywa uji, anauliza saa. Tuliridhika. Tulidhani amechoka kuzungumza.

Katika kimya hicho ndipo Kaka alipofika.

Sina budi kueleza kilichokuwa kati yake na Baba. Kaka alilelewa katika karakana, akajua kuunga mbao kabla ya kujua kusoma, na Baba alikuwa amekwisha kumwachia nafasi yake moyoni. Lakini Kaka alipokua alikwenda mji wa mbali kujifunza kufunga milango na madirisha ya alumini, na aliporudi alifungua kibanda mtaa uleule. Wateja wakaanza kuhama. Siku moja, mbele ya watu, walibishana juu ya mlango wa shule, na Kaka akasema mbao za Baba zinafaa kuchemshia chai. Baba hakupandisha sauti. Aliweka randa chini, akasema, “Basi siku nikifa, usinizike. Usiguse hata kamba ya jeneza.” Kaka alifunga kibanda akarudi mji wa mbali, na tangu siku hiyo alikuwa akimpigia Mama tu, tena saa ambazo Baba yuko kazini.

Alipofika kwenye waya, Mama alimkumbatia, akamwambia neno moja: “Ongea naye.”

“Mwambieni muuguzi amwambie,” nilishauri. “Itakuwa haraka zaidi.”

“Hapana, Profesa.” Hilo ndilo jina alilonipa mimi, dada yake mdogo, tangu nilipochaguliwa kwenda chuo, na siku hiyo hakulitamka kwa utani. “Maneno haya hayapiti kinywani mwa mtu wa kando. Si umesema anayebeba hasikii?”

“Hasikii.”

“Basi nipe hiyo simu.”

Alizungumza hapo hapo, mbele ya jamaa za wagonjwa wengine, na sauti yake haikuwa ya siri. “Baba, ni mimi. Nilikukosea adabu mbele za watu, na mbele za watu nakuomba unisamehe. Nimekuja. Nipo hapa nje kwenye waya. Niambie neno moja tu, hata la kunitukana, nijue umenisikia.” Watu waliinamisha macho. Mlinzi akaja mwenyewe, bila mzaha wowote, akasimama karibu nasi mpaka ujumbe ulipohamia kwake, kisha akatembea hadi chini ya dirisha la Dereva na kukaa pale kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Aliporudi alisema, “Umeingia ndani. Sasa ni kazi ya wenyewe.”

Tulisubiri lile neno, Umefika. Mama aliuliza, “Bado?” nami nilijibu, “Bado, Mama.” Aliuliza tena kesho yake na siku zilizofuata. Kaka hakuuliza. Alikaa juu ya tofali upande wa pili wa njia, simu mkononi, akigusa kioo kila kilipozima. Nilimwambia taarifa za kufika wakati mwingine huchelewa kurudi. Nilikuwa nimefundishwa hivyo, na nilikuwa nasema kweli.

Dereva akafa. Hatukuambiwa na daktari. Tuliambiwa na kilio cha mkewe, ambaye alikuwa amesimama kando yangu na mkono wake ukiwa bado umeshika waya. Kabla hatujamaliza kumpa pole, kabla hata mlinzi hajapata simu nyingine ya kuweka dirishani, Baba naye akafa.

Hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Simu ya marehemu iliyo nzima ilipanguswa kwa dawa, ikatiwa katika mfuko wa plastiki na kurudishwa kwa jamaa. Iliyopasuka ilichomwa pamoja na godoro, kwa maana dawa haifiki ndani ya nyufa. Simu ya Baba ilikuwa na ufa tangu siku ilipoangukia meza ya kazi. Tulipewa kadi yake ya matibabu na mkanda wake wa suruali.

Mazishi yalipangwa kesho yake asubuhi, na jamaa watatu tu wangeruhusiwa kufika kaburini kuwasaidia watu wa hospitali kushika kamba. Mama alisema watatu hao ni yeye, mimi, na Kaka.

“Mimi siendi,” Kaka alisema.

“Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii.”

“Mama, alisema nisiguse kamba. Kama alinisikia akanyamaza, huo ni uamuzi wake. Kama alinisikia akajibu, jibu liko wapi? Nitashikaje kamba bila kujua?”

“Mimi ndiye niliyekuzaa. Radhi yangu umeipata.”

“Yako ninayo, Mama. Siku zote ninayo. Naitafuta ya kwake.”

Mama aliketi kwenye benchi la karakana, kati ya fremu mbili ambazo hazijamalizika, akanigeukia. “Wewe uliyeileta mashine hii. Hakuna mahali pengine palipobaki maneno yake?”

Palikuwa na mahali pamoja. Kila kilichoingia kwa Baba na kila kilichotoka kwake kilipitia simu ya Dereva. Kama Baba alijibu, jibu lingekuwa limelala humo. Kama alisikia bila kujibu, taarifa ya kufika ingekuwa humo. Simu yenyewe ilikuwa katika mfuko wa plastiki, nyumbani kwa mjane.

Tulikwenda mchana huo, mimi na Kaka. Mjane alikaa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Cherehani ilikuwa dirishani, na juu yake gauni la mteja lililoshonwa mkono mmoja. Alitupa mkeka. Hakuwa amefungua mfuko.

“Poleni, wanangu,” alisema. “Na nyinyi mmefikwa.”

“Pole na wewe, shangazi. Sisi sote ni wamoja sasa,” Kaka alijibu.

Nilimweleza tulichokijia kwa maneno machache niliyoweza kuyapanga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Siwezi kuiwasha.”

“Hatutagusa chochote chake, shangazi. Nitatazama tu kilichobebwa.”

“Si hilo, mwanangu. Asubuhi ile alipokufa nilikuwa nimemtumia ujumbe. Mlinzi alikuwa hajaja kuuchukua. Bado uko hapa.” Aligusa simu yake mwenyewe kifuani. “Nilimtania. Nilimwambia ainuke, uvivu umemzidi, wateja wananiuliza kama nimeolewa na godoro. Sasa nikiiwasha yake, hizi mbili zitaonana. Si ndivyo ulivyotufundisha? Zikionana zinapeana.”

Ni Kaka aliyezungumza, akitazama mkeka.

“Shangazi, wa kwangu pia uko njiani. Sijui ulikwama wapi.”

Mjane alimtazama. Alimkumbuka, alikuwapo siku ile kwenye waya. Aliinuka, akachana plastiki kwa mkasi wa kushonea, akachomeka waya wa chaji ukutani.

“Itachelewa kuwaka,” alisema. “Betri yake ilikwisha kitambo. Bila waya ukutani haishiki hata dakika. Ndiyo maana kule wodini ilibidi wapokezane.”

“Wapokezane nini?” niliuliza.

“Soketi. Umeme ulipobanwa waliachiwa soketi moja kwa vitanda viwili, naye baba yenu simu yake ilikuwa mbovu kama hii. Mume wangu alinisimulia kwa ujumbe, akicheka. Alimwambia mzee, shikamoo, soketi ni yako, wewe ni mkubwa wangu. Mzee akakataa. Akamwambia, wewe chukua mchana, maana mkeo ana maneno mengi na mlinzi yuko mchana. Mimi usiku wanitosha, nataka kuona saa tu.” Alitabasamu kidogo. “Basi wakakaa hivyo kiungwana. Ya huyu ikichomolewa ndipo ya yule inachomekwa. Hawakugombana hata siku moja.”

Kaka alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikia sifa za marehemu. Hakuwa ameelewa. Mimi nilielewa, na nikatamani nisingesomea nilichosomea.

Darasani tulizichora simu kama vidoti ubaoni, tukaziunganisha kwa mistari. Tulihesabu kidoti kinachohama, kidoti kinachoharibika, hata kidoti kinachoibiwa. Hakuna aliyechora vidoti viwili vilivyolala kando kwa kando, kila kimoja kikizimwa ili mwenzake apate kuwaka. Ujumbe wa Kaka uliingia kwa Dereva mchana, wakati simu ya Baba imezimwa. Usiku ya Baba ilipowaka, ya Dereva ilikuwa gizani. Zililala umbali wa mkono mmoja, na hazikuwahi kuonana.

“Profesa?” Kaka aliniita. “Vipi?”

Simu ya Dereva iliwaka. Kabla sijaigusa, ya mjane ililia kifuani pake, akaitoa na kuisoma.

“Umefika,” alisema. Alirudia polepole, kama anayejifunza lugha. “Umefika. Umefika wapi, jamani?”

Kisha nayo ikamletea kilichokuwa kimebaki ndani ya ile nyingine: sauti ya mumewe, ujumbe aliourekodi jioni ya mwisho, ambao haukupata mlinzi wa kuubeba. Aliusikilizia pale pale, mbele yetu. Dereva alizungumza kwa pumzi fupi. Alimwambia asimalize gauni la mteja yule msumbufu kabla ya kulipwa. Alimwambia amwekee viatu vyake juani. Halafu kikohozi kikasikika, si chake, cha mtu wa karibu, na sauti nzito ikasema kutoka nyuma, “Ni shemeji huyo? Mwambie nami namsalimu. Mwambie tunaangaliana vizuri huku.” Dereva akacheka. Hapo ikakatika.

Kaka alikuwa amesimama. Nadhani hakujua kwamba amesimama.

“Rudisha,” alisema. “Shangazi, tafadhali. Rudisha pale.”

Alirudisha. Tulimsikia Baba akimsalimu mke wa mtu mwingine, kwa upole ule aliokuwa nao kwa wageni. Alirudisha tena bila kuombwa.

“Basi alikuwa anaongea,” Kaka alisema. “Alikuwa na nguvu ya kuongea. Amejibu? Angalia.”

Nilifungua ukurasa wa ndani, ambao sisi watengenezaji tu ndio huufungua. Kulikuwa na mstari mmoja tu: ujumbe mmoja wa mtu mwingine unasubiri kupokewa. Chini yake palikuwa na jina la Baba. Hapakuwa na jibu, wala taarifa ya kufika.

Ningeweza kumdanganya. Mjane alinitazama kwa jicho la kuniruhusu, na Mama, nilijua, angenishukuru maisha yake yote. Ningesema tu kwamba ulifika na Baba alikosa pumzi ya kujibu. Lakini Kaka aliniamini kwa sababu niliwahi kumwambia kwamba anayebeba hasikii, na ilikuwa kweli.

“Haukufika,” nilisema. “Uko hapa. Uliishia kwa Dereva.” Nikamweleza habari ya soketi.

Alisikiliza. Aliuliza swali moja. “Kwa hiyo hakujua nimekuja?”

“Hakujua.”

“Wala hakukataa.”

“Hakupata nafasi ya kukataa wala kukubali.”

Mjane alisema, “Mwanangu, mzee aliyemwachia mwenzake mchana mzima wa umeme, huyo angekunyima wewe neno?”

“Sijui, shangazi. Hilo ndilo tatizo. Sijui, na hakuna wa kuniambia.” Alimshukuru kwa mikono miwili, akavaa viatu. Mlangoni aligeuka. “Na wewe usihuzunike kwa utani wako. Najua alicheka kila siku. Sisi kule kwenye waya tulikuwa tunakusubiri wewe utuchekeshe.”

Mama tulimweleza jioni, karakanani. Hakulia mbele yetu. Alisema neno la mtu aliyekufa bila kulifuta si mzigo wa kubebwa na mtoto, na kwamba yeye, mke wake, analifuta kwa niaba yake. Kaka alimpigia magoti.

“Mama, naomba unielewe. Nilimvunjia heshima alipokuwa hai. Amri yake moja tu imebaki ambayo naweza kuitii. Nikiivunja na hiyo, nitakuwa nimemfanyia nini?”

“Utakuwa umemzika!” Mama alisema. “Mtoto humzika baba yake!”

Kaka alimshika miguu mpaka Mama akaacha kusema.

Asubuhi alituendesha hadi makaburini kwa gari la kuazima, akaegesha barabarani na kubaki nje ya gari, kofia mkononi. Aliyechukua nafasi ya tatu alikuwa mlinzi, aliyekuja na shati lilelile, mfuko wake ukiwa mtupu. Watu wa hospitali walikuwa na mavazi meupe na haraka nyingi. Kulikuwa na mashimo mengine yanayongoja. Jeneza lilikuwa la mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari bila kuungwa, na nilimshukuru Mungu kwamba mwenyewe halioni. Tulipewa glavu. Mama alisogezwa kando kwa sababu alikuwa anatetemeka, na upande wa kamba wa kichwani, ambao ungekuwa wa Kaka, nikapewa mimi.

Sikuwahi kushusha mtu. Nilidhani nguvu inahitajika mwanzoni, lakini mzigo huzidi kuwa mzito kadiri kamba inavyokwenda, na glavu zilikuwa kubwa, zikiteleza. Nilisikia mtu akikimbia nyuma yangu barabarani, kisha nyayo zikasimama. Sikugeuka. Kama alikuwa Kaka, alisimama hapo hapo langoni.

“Taratibu, dada,” alisema mtu wa mavazi meupe aliyekuwa mbele yangu. “Upande wako unashuka haraka. Mwache kidogo. Mwache kidogo kidogo.”